Chombo Kinachoandika Mwendo wa Umeme

Somo la Historia kwa Madarasa ya Kisomo cha Watu Wazima

Wewe uliye na kijitabu hiki mkononi, ambaye hukupata kuisikia sauti yangu redioni, haya uyasomayo ni maneno yale yale niliyoyasema. Tofauti ni moja tu. Redio ikisema imekwisha sema, hairudi nyuma. Lakini kitabu chaweza kurudiwa. Basi soma polepole, na pale usipoelewa, rudi.

Kabla hatujaanza, tutazame maneno manne mapya. Mwalimu wa darasa na ayaandike ubaoni.

KUTU: uchafu mwekundu unaokula chuma kilichopata maji na hewa.

VALVU: taa ya kioo iliyokuwamo ndani ya redio za zamani. Haikuwekwa ili kumulika, bali kuuongoza umeme.

KAPASITA: kitu kidogo kinachoweka akiba ya umeme, kama mtungi uwekavyo akiba ya maji.

OSILOSKOPU: chombo kinachouchora mwendo wa umeme kwa nuru, juu ya kioo. Neno hili ni refu. Lisome kwa silabi: o-si-lo-sko-pu.

Vizuri. Sasa tuanze.

NILICHOKIONA KARAKANANI

Siku moja nilikwenda kumwamkia fundi mmoja mzee wa redio hapa mjini Dodoma. Nilikuwa nikifuata habari za mwanafunzi wake, kijana aliyeacha shule akiwa mdogo, ambaye siku hizi huhudhuria darasa la jioni la kusoma na kuandika. Nilimkuta kijana huyo amesimama mbele ya sanduku la chuma. Urefu wake ulikuwa kama wa debe, ila lilirudi nyuma zaidi, na uzito wake haukuwa wa mtu mmoja. Fundi alilinunua katika mnada wa vyombo vikuukuu. Lilikuwa limejaa kutu. Mbele lilikuwa na kioo cha mviringo, kipana kama kisahani cha chai, na vitufe vingi vya kuzungusha. Nyuma ulining'inia waya wa umeme uliokatikakatika.

Kijana alikwisha funga waya mpya. Alikuwa na plagi mkononi, tayari kuichomeka ukutani.

“Mzee,” akasema, “nichomeke tuone kama kizima?”

Fundi hakupaza sauti. Akasema, “Mwanangu, weka chini hiyo plagi. Zunguka nyuma ya sanduku. Pana kibao kidogo. Kifute vumbi, unisomee.”

Kijana akafuta kwa kidole. Akasoma kwa shida, herufi baada ya herufi, kama wewe na mimi tulivyoanza. Palikuwa na tundu kadhaa, na kila tundu lilikuwa na namba yake. Skrubu ya shaba ilikuwa imekazwa katika tundu mojawapo.

“Skrubu imekaa kwenye namba gani?” akauliza fundi.

“Mia moja na kumi, Mzee.”

“Na umeme wa ukutani kwetu ni volti ngapi?”

Kijana akanyamaza. Alijua. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Chombo kilikuwa kimetegwa kupokea volti 110, yaani hata nusu yake haifiki. Angalichomeka plagi ile, moyo wa chombo, ambao ni transfoma yake, ungaliungua kwa muda mfupi, na pengine karakana pamoja nao.

“Waona?” akasema fundi. “Kusoma kwanza, kuwasha baadaye.”

Ndugu msomaji, maneno hayo manne ndiyo somo letu la leo. Yashike. Tutasafiri mbali, mpaka Ulaya na Marekani, kisha turudi Kongwa, na kila tutakapofika tutayakuta yakitungoja.

KIBUYU CHA NURU

Chombo kile ni osiloskopu. Kazi yake ni nini? Umeme hauonekani kwa macho. Sauti pia haionekani. Lakini sauti yaweza kugeuzwa kuwa umeme, na umeme waweza kuchorwa. Osiloskopu huuchora umeme juu ya kioo, ukaonekana ukipanda na kushuka kama vilima. Fundi akivitazama vilima hivyo ajua ugonjwa wa redio uko wapi, kama daktari ajuavyo kwa kusikiliza kifua.

Mambo haya yalianza zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mwaka 1897, Mwingereza aitwaye J. J. Thomson alionyesha kwamba umo mwendo wa chembe ndogo mno za umeme, ambazo leo zaitwa elektroni. Mwaka huo huo Mjerumani aitwaye Karl Ferdinand Braun alikuwa akifanya kazi katika mji wa Strasbourg. Wakati ule mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Leo umo Ufaransa. Braun akatengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa ndani yake. Mwaka 1909 yeye na Mwitalia Marconi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel kwa kazi zao katika mambo ya simu isiyo na waya.

Ukitaka kuifahamu chupa ya Braun kama ilivyo katika osiloskopu, fikiri kibuyu chenye shingo ndefu, kilicholazwa ubavu. Shingoni, mwishoni kabisa, pana kitu kinachotiwa moto kwa umeme. Kikipata moto hutoa elektroni. Elektroni hizo husukumwa kwa nguvu mpaka kwenye kitako cha kibuyu. Kitako hicho ndicho kioo unachokitazama. Kwa ndani kimepakwa unga maalumu, na palipopigwa na elektroni unga hung'aa. Basi huonekana kitone kimoja cha nuru.

Lakini kitone kimoja si maandishi. Kwa hiyo katika osiloskopu, katikati ya safari, zimewekwa jozi mbili za vibati. Jozi ya kwanza hukivuta kitone kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo ulio sawa, kisha hukirudisha kushoto upesi, kikaanza tena. Jozi ya pili hukivuta juu na chini, kwa kadiri ya umeme unaopimwa.

Hebu simama hapo kidogo. Wewe unaposoma ukurasa huu, macho yako yafanya nini? Yatoka kushoto kwenda kulia, yakifika mwisho wa mstari yarudi kushoto upesi. Osiloskopu nayo hufanya vivyo hivyo. Ni chombo kinachoandika, na huandika upande ule ule uandikao wewe.

TAA ZISIZOMULIKA

Sasa tutazame valvu. Ndani ya sanduku la fundi zilikuwamo valvu 14, mbali na kile kibuyu cha nuru.

Valvu ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Ilikuwa taa ya kioo yenye vitu viwili ndani: kimoja cha moto kinachotoa elektroni, na bati la kuzipokea. Umeme uliweza kupita kwa upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka kwa nje na kukataa kufunguka kwa ndani. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia kitu cha tatu katikati: kiwavu cha waya.

Kiwavu kile kilibadili dunia. Kwa nini? Wewe uliyechunga ng'ombe utaelewa upesi. Mtoto mdogo akisimama kwenye lango la zizi, akisogeza mti mmoja, ng'ombe mia watoka au wazuiwa. Nguvu ya mtoto ni ndogo, lakini yaongoza nguvu kubwa. Kiwavu cha valvu ndiye mtoto wa langoni. Umeme mdogo sana, ulioletwa na sauti kutoka mbali, huuongoza umeme mkubwa, na sauti ikasikika nyumba nzima.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutoka 1939 mpaka 1945, vibuyu vya nuru vilitumika kuzitazama ndege za adui zikiwa bado mbali, kwa ufundi uitwao rada. Vita ilipokwisha, vifaa vingi vya jeshi viliuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 1946 kampuni ya Tektronix ilianzishwa katika mji wa Portland, nchini Marekani. Mwaka 1947 ikatoa osiloskopu yake ya kwanza, iliyopewa namba 511. Chombo hicho kilingoja mpaka umeme ufike mahali fulani ndipo kianze kuandika, na kwa hiyo mchoro ulitulia juu ya kioo, haukuyumba.

REDIO YAFIKA KWETU

Je, sisi tulikuwa wapi wakati huo? Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani. Redio ilichelewa zaidi. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928, hasa kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka huo huo Sauti ya Unguja. Sauti ya Dar es Salaam mwanzoni ilisikika mjini na karibu yake tu. Mtu wa Dodoma hakufaidi. Baadaye mitambo iliongezwa nguvu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 likageuzwa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam.

Redio za miaka ile zilikuwa za valvu. Zilikuwa nzito, na zilitaka betri kubwa. Majirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walianza mwaka 1949 kuuziwa redio ndogo ya valvu kwa pauni 5. Umbo lake lilifanana na sufuria, kwa hiyo ikaitwa redio ya sufuria. Hata hivyo pauni 5 hazikuwa fedha ndogo, na betri ilinunuliwa mbali.

Kisha mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, ikabuniwa transista. Transista hufanya kazi ya valvu, lakini ni ndogo kama punje ya mtama, na haihitaji moto. Katika miaka ya 1960 redio za transista zikafika vijijini kwetu. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 palipokuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo redioni, na vitabu vyao mikononi. Desturi hii yetu ya leo ina wazee wake.

KONGWA: WALIOWASHA KABLA YA KUSOMA

Ndugu msikilizaji, mwaka 1947 nimekwisha utaja mara mbili. Ni mwaka wa transista na wa osiloskopu ile ya Portland. Kwetu Dodoma mwaka huo una habari nyingine. Ni mwaka wa karanga za Kongwa.

Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa katika kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, kuchunguza nchi. Walizunguka kwa wiki zipatazo 9, na sehemu kubwa ya safari yao walikwenda kwa ndege. Wakarudi na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zaidi katika Tanganyika. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Mashine zikaletwa. Nyingi zilikuwa masalio ya vita. Yalikuwamo matrekta yaliyotumiwa na jeshi la Marekani na kuachwa katika visiwa vya Ufilipino. Baadaye hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ikachepushwa kutoka Msagali kwenda Kongwa.

Lakini ardhi haikusomwa. Udongo wa Kongwa, jua likiupiga, hukauka ukawa mgumu kama tofali. Mchanga wake wa mawe makali ulizila plau, zikaisha upesi. Mibuyu na vichaka vya mizizi mirefu vilizivunja mashine. Matrekta yaliyotoka vitani yalifika yakiwa yamechoka, na mengi yaliharibika kabla mwaka haujaisha. Mwaka wa kwanza ilitakiwa ilimwe ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500 tu. Na mvua nayo ikafanya kama ifanyavyo Ugogoni: mwaka huu yaja, mwaka ujao yakataa.

Je, hapakuwa na mtu aliyejua? Walikuwapo. Wazee wa Kigogo waliijua nchi yao. Walikuwa wameiona njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na kuua watu maelfu kwa maelfu. Waliulima mtama na uwele kwa sababu walijua ni nini kivumiliacho ukame. Elimu hiyo haikuandikwa katika vitabu, lakini ilikuwako, nayo yaweza kusomwa kwa kuuliza. Wenye mpango waliharakisha kuwasha mashine.

Mwanzoni mwa 1951 Serikali ya Uingereza iliutangaza mpango ule kuwa umeshindwa. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Vyuma vikabaki porini, vikaliwa na kutu.

Lakini msidhani habari imeishia hapo. Sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe. Na kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa, penye jengo la stesheni lililoachwa la reli ile ile ya karanga. Wakajiandaa hapo vijana wa Msumbiji, wa Namibia, wa Afrika ya Kusini na wa Angola. Kilichoachwa na walioshindwa kilipata kazi nyingine mikononi mwa watu wengine.

KUTU HUSOMWA PIA

Sasa turudi karakanani. Fundi alikaa na chombo kile kwa muda wa miezi miwili, siku moja moja, kazi za wateja zikipungua. Nilirudi mara kadhaa kutazama. Nitakueleza alivyofanya.

Lakini kwanza sikiliza onyo. Ndani ya osiloskopu ya valvu pana umeme wa volti zaidi ya 1,000. Tena kapasita zake huweza kuweka akiba ya umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Chombo kimezimwa, waya uko sakafuni, na bado chaweza kumwua mtu. Na kibuyu cha nuru hakina hewa ndani; kikipigwa, hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae. Basi wewe usiyefundishwa kazi hii, usifungue.

Jambo la kwanza, fundi hakung'oa kitu. Alimpa kijana daftari na penseli. “Andika kila waya,” akamwambia. “Rangi yake, utokako na uendako.” Kijana alijaza kurasa 11. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, lakini ulisomeka.

Jambo la pili lilikuwa vumbi. Walilitoa kwa burashi laini ya kupakia rangi. Ndani walikuta nyumba mbili za nyigu, zilizojengwa kwa udongo katikati ya valvu. Vumbi si adui mdogo. Hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuushikilia juu ya chuma. Hapa Dodoma mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni mikavu. Kwa hiyo chuma chetu huliwa polepole kuliko cha pwani, ambako hewa ina chumvi. Lakini kilichosahauliwa miaka 60 huliwa hata Dodoma.

Jambo la tatu lilikuwa kutu yenyewe. Waliondoa kifuniko, vishikizo na skrubu, vitu visivyo na nyaya. Wakavilowesha katika maji mazito ya ukwaju usiku kucha. Mama zetu huutumia ukwaju kung'arishia vyombo vya shaba, nao ukali wake huilegeza kutu vilevile. Asubuhi wakasugua kwa burashi ya waya, nje ya karakana, ili chembe za chuma zisiingie kwenye mitambo na kuunganisha yasiyotakiwa kuunganishwa. Kisha wakasuuza, wakakausha juani, wakapaka mafuta. Ndani ya chombo ukwaju haukutiwa hata tone.

Jambo la nne, valvu. Hapa fundi alimfundisha kijana kusoma bila herufi. Juu ya kioo cha valvu kwa kawaida pana doa linalong'aa kama fedha. Doa hilo liliwekwa kiwandani ili lile masalio ya hewa ndani. Likiwa bado lang'aa, valvu yaweza kuwa hai. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu imekufa. Kati ya valvu 14, mbili zilikuwa nyeupe. Fundi alikuwa na za badala katika kopo la chai.

Jambo la tano, kapasita. Zile za karatasi na nta zilikuwa zimepasuka, zikaondolewa zote na kuwekwa mpya. Juu ya moja kijana akasoma namba: 1956. “Mzee,” akaniambia mimi, “mwaka huu katika kitabu chetu si ndio mwaka wa Shirika la Utangazaji?” Nikamwambia ndio. Akalitazama sanduku lile kwa muda, kama mtu aliyekutanishwa na jamaa.

KITONE CHA KIJANI

Siku ya kuwasha ilifika. Skrubu ya nyuma ilikwisha hamishwa kutoka 110. Hata hivyo fundi hakuchomeka moja kwa moja ukutani. Alipitisha umeme kwanza katika balbu ya zamani, ile ya kijiwaya. Alieleza hivi: ndani pakiwa na kosa kubwa, balbu itawaka kwa nguvu, na chombo kitaokoka. Mambo yakiwa mema, itawaka hafifu.

Akachomeka. Balbu ikawaka kama jua la mchana. Fundi akachomoa mara moja. “Bado,” akasema. Hakukasirika. Alingoja, akaziondoa akiba za umeme kwa kifaa chake, akapima sehemu moja baada ya nyingine, na kijana akimsomea daftari. Katika ukurasa wa 7 wakakuta kapasita moja waliyoisahau, iliyojificha chini ya bati. Ilikuwa imeoza. Bila daftari lile wangaliitafuta siku nyingi.

Wakawasha mara ya pili. Balbu ikang'aa kidogo, kisha ikafifia. Ndani, valvu zikaanza kuwa nyekundu, moja moja, kama makaa yanayopulizwa. Tukangoja. Kioo kilikuwa cheusi. Fundi akazungusha kitufe kimoja polepole, na kingine. Ndipo kikaja kitone cha kijani, kidogo kama jicho la paka. Fundi akakipunguza nuru upesi, maana kitone kikikaa pamoja kwa ukali huunguza unga wa kioo. Akazungusha kitufe cha tatu. Kitone kikakimbia kulia, kikarudi, kikakimbia tena, mpaka tukaona mstari.

“Gusa hapa,” fundi akamwambia kijana, akimwonyesha ncha ya waya wa kupokelea ishara, ambao hauna umeme wa kudhuru. Kijana akagusa. Mstari ukainuka ukawa vilima, kimoja baada ya kingine, vinavyolingana. Ulikuwa ni umeme wa nyaya za nyumba ile, unaorudi mara 50 kila sekunde, ambao mwili wake uliupokea kutoka hewani kama uzi wa redio upokeavyo matangazo. Miaka yote umeme ule ulikuwa umemzunguka. Siku hiyo ndiyo alipouona.

Jirani mmoja alikuwa na ilimba, ile marimba ya Kigogo yenye ndimi za chuma. Akaitwa. Akapiga mbele ya maikrofoni. Kila ulimi ulikuwa na mchoro wake. Ulimi mrefu, wenye sauti nzito, ulichora vilima vipana. Ulimi mfupi, wenye sauti nyembamba, ulichora vilima vilivyobanana. Watoto walijaa mlangoni. Hakuna aliyeambiwa maana yake, na wote waliielewa.

Leo, ndugu msomaji, zipo osiloskopu ndogo zinazoingia mkobani, zisizo na valvu wala kibuyu. Fundi anayo moja, naye huitumia kwa kazi za kila siku. Kwa nini basi alijisumbua na lile sanduku? Nilimwuliza. Akanijibu kwamba kile kidogo humpa jibu, lakini hakimwonyeshi mwanafunzi jibu limetoka wapi. Katika sanduku la zamani mtoto wa langoni aonekana, moto waonekana, njia yaonekana. Na kijana aliyelifuata waya kwa waya, akaandika kwa mkono wake, hatadanganywa na chombo chochote.

Mimi naongeza neno langu. Kijana yule hakuokolewa na nguvu wala na bahati. Aliokolewa na namba tatu juu ya kibao chenye vumbi, moja, moja, sifuri, kwa kuwa aliweza kuzisoma. Mpango wa karanga ulikuwa na mashine nyingi na fedha nyingi, nao ulianguka kwa kukosa subira ya kusoma. Basi mtu akikuuliza, “Wewe mtu mzima, kusoma kutakufaa nini?” mweleze habari hii.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijana alikuwa karibu kufanya kosa gani? Ni nini kilichomzuia?

2. Chupa ya Braun ilitengenezwa mwaka gani? Ieleze kwa mfano wa kibuyu.

3. Taja mambo matatu ambayo wenye mpango wa karanga hawakuyasoma katika ardhi ya Kongwa.

4. Kwa nini ukwaju haukutiwa ndani ya chombo?

5. Nyumbani kwako kiko chombo gani chenye maandishi ambayo hujapata kuyasoma? Kiwe dawa, mbolea, mita ya umeme au taa. Yanakili maneno yake katika daftari, uje nayo darasani juma lijalo.

Swali la tano ndilo kubwa. Usiliache.

Haya, ndugu zangu, saa yetu imekwisha. Mwalimu na afute ubao, ila yale maneno manne ya fundi ayaache mpaka kesho. Kwaherini.